Maneno ya Kazi ya Ngozi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia biashara ya ngozi. Jina la sheria hiyo kwa Kiingereza lina maneno matatu yanayotaja vitu vitatu: ngozi za wanyama wakubwa kama ng'ombe, ngozi za wanyama wadogo kama mbuzi na kondoo, na ngozi ambayo imekwisha kutengenezwa ikawa tayari kwa kushonewa viatu na mikoba. Mfasiri anayetaka kulitia jina hilo katika Kiswahili hujikuta na neno moja tu mkononi, nalo ni ngozi. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa ngozi ya mwanadamu, kwa ngozi iliyotoka sasa hivi machinjioni ikiwa bado na damu, na kwa ngozi ya kiatu kilichomo dukani.

Kwa muda mrefu upungufu huo haukumsumbua mtu, kwa kuwa sheria zetu zilisomwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo swali la mfasiri limekuwa swali la afisa wa forodha, la afisa mifugo na la hakimu pia. Ngozi ambayo haijatengenezwa hutozwa ushuru inapopelekwa nje, ili viwanda vya nchini vipate malighafi. Basi ikiwa neno halitenganishi ngozi moja na nyingine, yupo atakayelipa asichopaswa kulipa, na yupo atakayekwepa anachopaswa kulipa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno tunayoyahitaji tunayo kwa sehemu kubwa, ila hatujayapanga. Tumechagua kuyatazama kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu mbili. Kwanza, hiyo ni nchi ambayo watu wake wameishi na ng'ombe na ngozi zao tangu zamani. Pili, lugha zake ni ndugu wa Kiswahili wa upande wa Maziwa Makuu, na undugu huo, kama tutakavyoona, unaweza kumsaidia mtunga istilahi kuliko kamusi ya kigeni.

Kabla ya ngozi kuwa bidhaa

Ngara ni nchi ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi, mahali ambapo mto Ruvubu unaingia katika mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake wanasema Kihangaza na Kishubi, lugha ambazo wataalamu huziweka pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Biharamulo iko mashariki yake, nchi ya misitu ya miombo, na Kizinza kinachosemwa huko ki karibu zaidi na Kihaya, Kinyambo na Kikerewe.

Kabla ya nguo za madukani kuenea, watu wa nchi hizi walivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa. Ngozi ilikuwa vazi, tandiko la kulalia, mbeleko ya mtoto, ala ya kisu, ukanda wa kufungia mzigo na mvukuto wa mhunzi. Ilikuwa pia ngoma, na katika falme za Maziwa Makuu ngoma haikuwa ya kuchezwa tu, bali ilikuwa alama yenyewe ya utawala.

Utengenezaji wake haukuhitaji kiwanda. Ngozi ilivutwa ikiwa bado mbichi, ikakazwa kwa vigingi, ikaparwa nyama na mafuta yaliyobaki, kisha ikapakwa samli na kusuguliwa kwa mikono mpaka ikalegea. Kazi hii ya kuikaza ngozi kwa vigingi, jirani zetu wa Kinyarwanda huiita kubamba. Kiswahili cha pwani husema kuwamba. Hapana haja ya kueleza mengi: ni kitenzi kimoja cha Kibantu kilichofika kwetu kwa njia mbili. Kadhalika ukanda na mkanda ni wana wa shina la zamani la Kibantu lililokuwa na maana ya ngozi. Upande wa Ankole, vazi la ngozi la zamani liliitwa enkanda. Mswahili wa pwani alibaki na kipande chembamba cha ngozi, mtu wa bara akabaki na vazi zima.

Tena tutazame jinsi kitenzi kuwamba kilivyozaa. Kimetupa kiwambaza cha nyumba. Kimetupa kiwambo, na kutoka hapo waalimu wa elimu ya viumbe wamepata kiwambo cha sikio, yaani ile ngozi nyembamba iliyokazwa ndani ya sikio kama ngozi ya ngoma. Neno la fundi wa ngozi limeingia katika kitabu cha sayansi bila kulazimishwa, na mwanafunzi aliyekwisha kuona ngoma ikiwambwa hulielewa mara moja.

Ngozi yaingia sokoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Baadaye sehemu kubwa za Biharamulo zilitawaliwa na ndorobo, na wakati wa ukoloni wa Kiingereza watu wa baadhi ya sehemu hizo walikusanywa katika makazi ya pamoja ili kuepuka malale. Mambo haya yanaeleza kwa nini wilaya mbili zilizo jirani hazikuendelea sawasawa katika kazi hii. Ngara ilibaki na ng'ombe vilimani. Biharamulo ilikuwa zaidi na misitu na mizinga ya nyuki.

Wakati huo huo biashara ilibadilika. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na reli hiyo. Ngozi zikawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka Bukoba kwenda Mombasa na ng'ambo. Ngozi ambayo jana ilikuwa tandiko la mzee, leo ikawekwa katika mizani. Yakaja maneno ya dukani: frasila, ratili, daraja la kwanza, daraja la pili. Maneno haya yalikuwa ya bei, wala hayakuwa ya kazi. Yalimweleza mchungaji kwamba ngozi yake ni mbaya, lakini hayakumweleza ubaya huo umetoka wapi.

Maafisa wa mifugo walijaribu kueleza. Walifundisha kwamba ngozi isitandazwe chini juani, bali iwambwe katika kiunzi cha miti na kuwekwa penye kivuli na upepo. Sababu yake ni hii: ngozi iliyolala chini juani hukauka upesi kwa nje, ndani ikabaki na unyevu na kuanza kuoza, tena joto la jua na la ardhi huiunguza, ikawa kama gundi. Mnunuzi huiona nzima. Kasoro hutokea kiwandani inapolowekwa, ndipo inapotoka vipande vipande.

Hapa ndipo neno linapoweza kuharibu mali. Tuchukue mfano wa mfasiri aliyepewa kijitabu cha maelekezo, naye akakuta kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukausha. Kwa nia njema kabisa anaandika: "Anika ngozi mara baada ya kuchuna." Lakini kwa Mswahili kuanika ni kutandaza kitu juani, kama mpunga, muhogo au nguo. Mwananchi wa Ngara anayesoma kijitabu hicho atafanya kama alivyoambiwa, na ngozi yake itaingia daraja la mwisho. Kijitabu kilichokusudiwa kuondoa kosa kitakuwa kimelihalalisha. Laiti mfasiri angeandika "iwambe kivulini", maneno mawili tu, pasingekuwa na hasara. Kitenzi hicho kilikuwapo siku zote.

Viwanda na istilahi za vitabuni

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilikusudia kuacha kuuza ngozi zisizotengenezwa na kununua viatu kutoka nje. Mwaka huo huo ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, na kazi zake mojawapo ni kusanifu istilahi. Viwanda vya kutengeneza ngozi vilikuwako Mwanza, Morogoro na Moshi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 ili ufundi ufike wilayani pia. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lakini hakikukaribia kamwe uwezo wake, na mwishowe kikafungwa.

Viwanda vilipodhoofika, maneno yake nayo yalidhoofika. Istilahi iliyotungwa kwa ajili ya mashine haikuwa na wa kuisema mashine iliponyamaza. Waliobaki ni mafundi wadogo: mshona viatu chini ya mti, mtengeneza mikanda na ala za visu, mwamba ngoma, na siku hizi vijana na watumishi wanaojifunza kazi ya ngozi nyumbani kwa kujifurahisha. Hao ndio wasemaji wa lugha ya ngozi leo, na hao ndio wanaofaa kusikilizwa.

Katika karakana, hatua kwa hatua

Ili kuonyesha haja ya maneno, hebu tuifuate kazi yenyewe kama mwalimu wa kazi za mikono angeifundisha.

Hatua ya kwanza ni kuchuna. Fundi hodari hutumia kisu chenye ncha ya mviringo, tena hukitumia kidogo. Akisha kupasua, huisukuma ngozi itengane na nyama kwa ngumi. Kila mkwaruzo wa kisu upande wa nyama ni udhaifu utakaoonekana mkanda utakapovutwa.

Hatua ya pili ni kuwamba, nayo tumekwisha kuieleza.

Hatua ya tatu ndiyo inayotatanisha lugha. Ngozi iliyopakwa samli na kusuguliwa huwa laini, nasi huelekea kusema "imetengenezwa". Lakini ikinyeshewa na kukauka tena hukakamaa kama ubao. Imelainishwa tu. Ili ngozi isioze wala isirudi katika ugumu wake, hapana budi iingizwe dawa inayoshikamana na nyuzi zake za ndani. Dawa ya kale ni maji ya magome. Nchini mwetu magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na miwati ya Njombe na Lushoto ilipandwa kwa sababu ya magome yake. Dawa ya pili ni chumvi za kromi, ambazo matumizi yake yalianza kuenea baada ya Augustus Schultz wa Marekani kupata hataza yake mwaka 1884. Ngozi ya dawa hii hutoka na rangi ya buluu kabla haijatiwa rangi nyingine.

Kazi hii tuiiteje? Wengi husema kusindika. Lakini kusindika asili yake ni kukamua, na siku hizi maana yake imepanuka ikachukua matunda, maziwa, samaki na kila kitu kinachopita kiwandani. Je, ngozi iliyotiwa chumvi tu ili isioze njiani imesindikwa? Mfanyabiashara atasema ndiyo, na afisa wa forodha atakosa la kumjibu. Mtu anaweza kupendekeza tukope kwa jirani. Kinyarwanda kina kitenzi gukana kwa maana hii hasa. Kwa bahati mbaya, kukana kwetu ni kukataa, na hakuna hakimu atakayependa kusoma juu ya "ngozi iliyokanwa". Kiswahili cha pwani kina dabaghi, kitenzi chenye asili ya Kiarabu. Wachache wanakijua, lakini hakina maana nyingine, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya istilahi.

Hatua ya nne ni kuchagua ngozi kwa kazi. Hapa tungependa kuwatahadharisha wanaojifunza nyumbani. Ngozi ya magome, ikilowanishwa kidogo kwa maji mpaka iwe baridi mkononi bila kutiririka, hukubali kukunjwa, kufinyangwa na kupigwa nakshi, na alama hubaki ikikauka. Ngozi ya kromi haikubali, alama hufutika. Wengi wamelaumu nyundo zao na mikono yao, kumbe walinunua ngozi isiyofaa, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wawili walisema "ngozi" tu. Kwa kiatu cha mvua na mfuko laini, ngozi ya kromi ndiyo bora.

Hatua ya tano ni kukata na kupara. Kisu kinolewe kabla ya kazi na katikati ya kazi, kwa sababu kisu butu huvuta ngozi na kuipinda. Pale ambapo vipande viwili vitapandana, kingo zake ziparwe upande wa nyama ili mshono usiwe na uvimbe. Mfasiri ajihadhari na jambo moja hapa. Upande wa juu wa ngozi, uliokuwa na nywele, Kiingereza huutaja kwa neno ambalo pia lina maana ya punje ya nafaka. Mtu anayefuata kamusi bila kumuuliza fundi anaweza kuandika "upande wa nafaka". Sisi twasema uso wa ngozi, na upande wa pili ni upande wa nyama.

Hatua ya sita ni kushona. Matundu hutangulia, hutobolewa kwa chuma chembamba kilichonolewa, yakiwa na nafasi sawa kutoka ukingoni. Uzi hupakwa nta ya nyuki ili uteleze tunduni, uzibe nafasi ya maji na usilegee. Hapo ndipo misitu ya Biharamulo inapochangia kazi ya vilima vya Ngara. Mshono wa kuaminika ni ule wa sindano mbili, kila moja ikiingia tundu lile lile kutoka upande wake. Uzi mmoja ukikatika, wa pili hushika. Mshono wa mashine hauna sifa hiyo. Mwishowe kingo hulowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa kipande cha mti kilicho laini au kwa mfupa mpaka zing'ae.

Kwa viatu vya wazi, fundi asisahau gidamu, yaani kile kikanda kinachopita kati ya kidole gumba na cha pili. Gidamu ndiyo hukatika kwanza, hivyo ikatwe kufuata urefu wa mgongo wa mnyama. Ngozi ya tumboni hunyumbuka na kulegea.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe.

Ngozi ghafi: ngozi yo yote ambayo haijadabaghiwa, iwe imelowa, imekauka au imetiwa chumvi. Neno hili liondoe matumizi ya "ngozi mbichi" katika maandishi ya biashara na ya sheria. Ubichi ni hali ya unyevu, na mtu akisema "ngozi mbichi iliyokauka" anajipinga mwenyewe.

Ngozi mbichi: ngozi ghafi iliyochunwa karibuni na ambayo ingali na unyevu wake.

Kuwamba: kukaza ngozi katika kiunzi au kwa vigingi. Kuanika kuachwe kwa vitu vinavyotandazwa juani.

Kulainisha: kulegeza ngozi kwa mafuta na kusugua. Ngozi iliyolainishwa tu ni ghafi bado.

Kudabaghi: kuingiza katika ngozi dawa ya magome, ya kromi au nyingineyo, hata isiweze kuoza wala kukakamaa inapolowa na kukauka. Maana hii ina faida ya kupimika: afisa mwenye shaka na akiloweke kipande, kisha akikaushe.

Ngozi ya magome na ngozi ya kromi: aina mbili za ngozi iliyodabaghiwa.

Uso wa ngozi na upande wa nyama: pande mbili za ngozi moja.

Ama kuhusu wanyama wakubwa na wadogo, hatuoni haja ya kutunga maneno mapya. Ngozi ya ng'ombe, ngozi ya mbuzi na ngozi ya kondoo zinatosha, tena ni wazi kuliko Kiingereza, ambacho humwacha msomaji akijiuliza ndama yuko kundi gani.

Hitimisho

Wahenga wa pwani walisema: ngozi ivute i maji, yaani ngozi ivutwe ingali na unyevu. Wengi hutumia methali hii kwa malezi ya watoto, wakasahau kwamba mwanzo wake ni maelekezo ya karakana, na kwamba fundi wa ngoma wa Ngara asiyejua hata methali moja ya pwani huyatekeleza kila siku.

Kwa sasa bado wako wazee wa Kihangaza, Kishubi na Kizinza walioona ngozi ikiwambwa, ikiparwa na kuvaliwa, na ambao wana jina kwa kila kigingi na kila mkunjo. Tunawaomba waalimu walioko katika wilaya hizo wawatume wanafunzi wao wakaulize na kuandika, neno pamoja na kazi yake, pasipo kungoja barua kutoka makao makuu. Wafasiri nao, kabla ya kulifungua kabati la kamusi, waende kwanza kwa mshona viatu aliye karibu na ofisi yao wakamwulize yeye anasemaje. Huenda asijue kuwa neno lake ni istilahi, lakini ataonyesha kwa mkono kitu analolitajia, na huo ndio ushahidi ambao kamati ya istilahi inauhitaji kuliko mwingine wo wote.